Bei Iko Chini ya Maji: Kweli na Si Kweli Kuhusu Boti Nyembamba Iliyotumika

Maji yalichukua karibu saa nzima kutoka chelezoni. Kadiri yalivyoshuka, boti iliyokuwa iking'aa kwa rangi ya kijani, yenye maua ya waridi yaliyochorwa mlangoni, ilianza kuonyesha nusu yake ya pili: lami iliyobanduka, magamba ya kutu, majani ya majini yaliyong'ang'ania ubavuni. Kijana niliyemsindikiza, nesi mzaliwa wa Tanga anayefanya kazi Birmingham, alinyamaza kimya. Wiki tatu nzima alikuwa akinitumia picha za jiko la kuni, kitanda na madirisha ya duara. Ya kitu hiki hakunitumia hata moja.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye boti ya aina hii katikati ya Uingereza, na kila mara Mswahili mwenzangu aliyechoshwa na kodi ya nyumba huniuliza kama kununua boti ni akili. Jibu langu ni kwamba yaweza kuwa akili sana, mradi usinunue mbuzi kwenye gunia. Tatizo ni kwamba maneno yanayozunguka kando ya mifereji ni mengi, na nusu yake yanatoka kwa watu wenye boti ya kuuza.

Kwa asiyezijua: boti hizi zina upana wa mita 2 na kidogo tu, lakini urefu wake unaweza kufika mita 22. Wembamba huo si urembo. Katika karne ya 18 mhandisi James Brindley na wenzake walijenga malango ya maji ya kupandishia na kushushia boti yenye upana wa futi 7 tu, na hadi leo chombo kipana zaidi ya hapo hakipiti katika mifereji mingi ya katikati ya nchi. Zamani zilibeba makaa ya mawe na udongo wa vyungu zikivutwa na farasi. Siku hizi nyingi ni nyumba za chuma zenye injini ya dizeli. Haya sasa, tuyapime maneno ya watu.

"Ina cheti cha usalama, huna haja ya ukaguzi."

Si kweli, na hili ndilo neno linalowaumiza wengi. Cheti hicho hutolewa chini ya mpango uitwao Boat Safety Scheme na hudumu miaka 4. Anayekitoa huangalia mabomba ya gesi, tangi la mafuta, nyaya za umeme, vizima moto, matundu ya hewa, na tangu Aprili 2019 king'ora cha hewa ya kaboni monoksidi. Ni mambo ya maana, na bila cheti hicho hupati leseni ya mfereji. Lakini kwa kawaida anayafanya yote hayo boti ikiwa inaelea. Chini ya maji hatazami, wala si kazi yake. Cheti kinamlinda jirani yako asiungue kwa moto wako. Hakisemi lolote kuhusu chuma unachotaka kukilalia.

Mkaguzi wa boti ni mtu mwingine, na kazi yake ni nyingine. Yeye huanza boti ikishatolewa majini.

"Imepakwa rangi nyeusi juzi tu, maana yake imetunzwa."

Huenda ikawa kweli, huenda ikawa shuka jipya juu ya godoro bovu. Bodi ya chuma hupakwa lami nyeusi chini ya maji kila baada ya miaka 2 au 3. Aliyekulia pwani yetu ataielewa kazi hii mara moja: jahazi nalo hupandishwa, likakwanguliwa na kupakwa shahamu ili mdudu asile mbao. Tofauti ni kwamba mdudu wa huku ni kutu, na lami mpya inaweza kupakwa asubuhi moja juu ya kutu ya miaka kumi.

Ndiyo maana mkaguzi huja na kikwaruzo. Siku ile chelezoni alianza na nyundo, akitembea taratibu kutoka omo hadi tezi, akigonga na kusikiliza. Chuma kizima kilijibu kwa sauti kali. Penye magamba sauti ilifumba. Kisha akakwangua kijiduara cha ukubwa wa shilingi hadi chuma cheupe kikaonekana, akapaka tone la jeli, akabandika kidude cha mashine inayopima unene kwa mawimbi ya sauti, na akaandika namba kwa chaki papo hapo ubavuni: 5.8. Hatua moja, tena: 5.7. Tena: 5.7.

"Mjomba, hizo ni nzuri?" kijana aliniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba tuko hospitali.

Zilikuwa nzuri. Boti hiyo, kama nyingi za siku hizi, ilijengwa kwa kitako cha milimita 10, ubavu wa milimita 6 na chumba cha juu cha milimita 4, na watu wa mifereji huzitaja namba hizo tatu kwa mfululizo kama wanavyotaja jina la ukoo. Kupoteza milimita 0.3 kwa miaka zaidi ya 20 si jambo la kukosesha usingizi. Lakini alipofika upande wa kushoto karibu na tezi, kwenye mstari ambapo maji hukutana na hewa, mkono wake ulisimama. Pale palikuwa na vidonda: vishimo vya kutu vilivyoingia ndani ya bamba, kimoja kingeweza kumeza punje ya mahindi. Unene wa chuma pembeni ya kishimo ulikuwa 5.2. Akatumbukiza sindano ya kupimia kina: 1.9. Toa mwenyewe. Chuma kilichobaki pale hakikufika milimita 3.5.

"Chini ya milimita 4, boti inazama."

Si kweli. Haizami kwa sababu ya namba. Bamba la milimita 3 lililo zima linaweza kuelea miaka mingi, na boti nyingi za miaka ya 1970 zilijengwa kwa chuma chembamba tangu mwanzo. Milimita 4 si sheria ya nchi wala kanuni ya fizikia. Ni mpaka ambao kampuni nyingi za bima zimeuzoea. Bodi ikishuka chini ya hapo, kampuni inaweza kukataa kukulipia boti ikizama, au ikakukatia bima ndogo tu ya madhara kwa watu wengine, ile ambayo leseni inaidai. Na boti ikishapita umri fulani, mara nyingi miaka 20 na kitu au 30, kampuni hutaka kuiona ripoti ya mkaguzi kabla ya kukubali.

Kwa hiyo namba hiyo inagusa mfuko wako hata kama haigusi uhai wako. Boti isiyoweza kukatiwa bima kamili ina wanunuzi wachache, na wewe nawe ipo siku utauza.

"Muuzaji ana ripoti ya ukaguzi ya mwaka jana. Kwa nini ulipe tena?"

Lipa tena. Ziko sababu mbili, na ya kwanza ni ya kisheria: mkaguzi anawajibika kwa aliyemwajiri. Ripoti aliyoiagiza muuzaji ni ya muuzaji, na ikiwa ina kosa, wewe kwa kawaida huna mkataba wa kukusimamisha mbele ya yeyote.

Sababu ya pili iko kwenye soketi ya umeme, na watu wengi hawaijui. Ukiichomeka boti kwenye umeme wa nchi kavu, waya wa ardhi unaiunganisha na boti zote za jirani zilizochomekwa, na hata na mabamba ya chuma yaliyoshika ukingo wa mfereji. Maji yanakamilisha mzunguko, na nyote mnakuwa betri moja. Katika betri hiyo chuma dhaifu ndicho kinacholiwa. Ili kisiliwe cha boti, huchomelewa vipande vya magnesiamu ubavuni, viitwavyo anodi, ambavyo kazi yake ni kuliwa kwanza. Vikiisha na hakuna aliyeviangalia, zamu ni ya bodi. Kipo kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa ardhi kuzuia mkondo huo, na ni moja ya mambo ya kwanza ninayoyatafuta nikifungua kabati la umeme. Boti isiyo nacho, iliyokaa imechomekwa majira yote ya baridi, inaweza kuwa chombo tofauti kabisa na kilichoandikwa kwenye ripoti ya mwaka jana.

Anodi za boti ile ya kijani zilikuwa zimebaki vibanzi. Kijana alidhani hiyo ni habari mbaya. Nilimwambia anodi iliyoliwa imefanya kazi yake. Ya kuogopa ni ile iliyokaa miaka mitano ikiwa mpya, kwa sababu ama haikuunganishwa vizuri, ama imepakwa lami.

"Boti iliyovikwa bamba jipya imekwisha."

Nusu kweli. Kitako kikidhoofika, mafundi huchomelea bamba jingine juu ya lile la zamani badala ya kulikata, maana kulikata kungelazimu kung'oa sakafu, farumi na kila kilichojengwa ndani. Kazi hiyo ikifanywa na karakana inayojua inachofanya, boti inapata miaka mingi mbele. Lakini bamba ni zito. Boti inazama sentimita chache zaidi, na matundu yote ya ubavuni, la bomba la moshi wa injini, la maji ya sinki, la kutolea gesi iliyovuja, yanasogea karibu na maji. Tundu lililokuwa juu kwa raha sasa linaweza kumeza maji siku boti inapoinama. Na unyevu ukinaswa kati ya mabamba mawili, kutu inaendelea kula gizani.

Basi usiikimbie kwa jina tu. Omba risiti ya kazi, uliza kama bamba limechomelewa pande zote bila kuacha mwanya, kisha pima kwa rula umbali wa kila tundu hadi kwenye maji.

"Injini yenye saa chache ndiyo bora."

Si kweli. Dizeli huharibika zaidi kwa kukaa na kwa kuungurumishwa bila mzigo ili kuchaji betri. Nayo mita ya saa hizo huweza kubadilishwa pamoja na dashibodi. Iombe iwashwe ikiwa baridi, uguse mwenyewe kuhakikisha ni baridi kweli, na utazame ngamani chini ya injini. Ukaguzi wa bodi kwa kawaida hauhusu injini. Ukitaka ikaguliwe, mwite fundi wake.

"Dalali yuko kusaidia pande zote mbili."

Madalali wengi wa mifereji niliokutana nao ni watu waungwana, na dalali mzuri anaweza kukuepusha na upuuzi mwingi. Ila analipwa na muuzaji, kwa kamisheni, na anamwakilisha muuzaji. Usimwambie kiasi cha juu kabisa ulicho nacho. Na usimwombe akuchagulie mkaguzi. Mtafute mwenyewe, kwa sababu Uingereza neno "mkaguzi wa boti" halilindwi na sheria, na mtu yeyote anaweza kujiita hivyo. Uliza kama ni mwanachama wa YDSA au IIMS, vyama viwili vinavyofahamika vya wakaguzi, na kama ana bima ya kitaaluma. Mkaguzi mwenye sifa hatakasirika kwa swali hilo.

Angalia pia unanunua kwa nani hasa. Ukinunua kwa mfanyabiashara anayeuza boti zake mwenyewe, Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inakupa ulinzi. Ukinunua kwa mtu binafsi, hata kama dalali ndiye anayeshika funguo, ulinzi huo huna. Hapo ripoti ndiyo ngao yako.

"Ukishatoa arubuni na bei ikakubaliwa, mazungumzo yamekwisha."

Si kweli, ikiwa mkataba una sentensi moja: kwamba ununuzi unategemea matokeo ya ukaguzi. Utaratibu uliozoeleka ni huu. Mnapatana bei, unatoa arubuni, mara nyingi asilimia 10, unapewa siku kadhaa za kukagua kwa gharama zako, pamoja na gharama za chelezo au winchi. Zikipatikana kasoro kubwa, unamjulisha muuzaji kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa, naye ama atengeneze, ama apunguze bei, ama akurudishie arubuni na kila mtu ashike njia yake. Isipokuwepo sentensi hiyo, usitoe hata senti.

Hapa ndipo watu wetu wanapojikwaa, na nasema kwa upendo. Sisi tumezoea soko ambalo bei hushushwa kwa maneno: mzaha kidogo, kuondoka hatua tatu, kuitwa urudi. Kwenye boti maneno hayo hayafui dafu. Kinachoshusha bei ni karatasi. Na ripoti yenyewe haikupi punguzo kwa kila mstari ulioandikwa humo. Pazia lililochakaa uliliona ulipotoa ofa yako, na bei uliyopatana tayari imelihesabu.

Mimi huigawa ripoti mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mambo ambayo bila kuyatengeneza bima haikatiki au cheti hakitolewi: vile vidonda vya tezi, sakafu ya kisanduku cha gesi iliyoliwa na kutu, bomba lisilo salama. Hayo muuzaji anapaswa kuyabeba yote, kwa sababu mnunuzi ajaye atakutana nayo vilevile. Fungu la pili ni uchakavu wenye bei inayojulikana, kama anodi, betri zilizokufa na lami. Hapo omba nusu kwa nusu. La tatu ni ladha yako mwenyewe, na hilo usilitaje kabisa, kwa kuwa ukilitaja unayapunguzia uzito yale mawili.

Kisha nenda kwenye karakana upate makadirio ya fungu la kwanza kwa maandishi. Tuseme mlipatana pauni 42,000, na karakana imeandika pauni 3,000 za kuchomelea na pauni 800 za kisanduku cha gesi. Usiseme "naomba unipunguzie." Sema: "Hii ndiyo ripoti, haya ndiyo makadirio. Natoa 38,200, na niko tayari kulipa wiki hii." Anodi na lami ziweke pembeni kama nafasi ya kusogea. Muuzaji anajua kwamba ukiondoka, kasoro hiyo sasa anaijua yeye na dalali wake, na hawawezi tena kujifanya hawaijui.

Akikwambia atatengeneza mwenyewe? Kwa vitu vidogo, chukua punguzo, maana mtu anayeuza hana sababu ya kununua betri nzuri. Kwa kuchomelea bodi, afadhali kazi ifanyike boti ikiwa bado nje ya maji, kwenye karakana mliyokubaliana, na mkaguzi wako airudie kuipima kabla ya salio kulipwa.

"Boti haina hati ya umiliki."

Kweli. Hakuna daftari la lazima linaloonyesha mwenye boti ya mfereji kama lile la ardhi na nyumba. Leseni si hati ya umiliki. Unachodai ni hati za mauzo zilizopita, moja baada ya nyingine hadi kwa muuzaji wa sasa, na jina lake lilingane na kitambulisho. Uliza kama kuna mkopo uliowekwa dhamana kwa boti hiyo, na jibu liandikwe. Kwa boti iliyoingia sokoni baada ya 16 Juni 1998, tafuta pia namba ya utambulisho iliyogongwa kwenye bodi na tamko la kwamba inakidhi viwango vya Ulaya.

"Ukinunua boti, umenunua na mahali pa kuiegesha."

Si kweli hata kidogo, na kwa mwenye watoto shuleni hili ni kubwa kuliko milimita zote nilizozitaja. Leseni haihami na boti. Unaomba yako mwenyewe kwa Canal & River Trust, taasisi inayosimamia takribani maili 2,000 za njia za maji za Uingereza na Wales tangu 2012. Maegesho nayo ni mkataba wa mtu na mwenye eneo. Ukiona tangazo linasema boti inauzwa na maegesho yake London, mpigie mwenye eneo umsikie kwa masikio yako. Usipokuwa na maegesho ya kudumu, Sheria ya Njia za Maji ya 1995 inakutaka uwe safarini kweli, usikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Na tangu Aprili 2024 boti za namna hiyo zinatozwa nyongeza kwenye leseni.

"Ukishalipa mkaguzi, huwezi tena kurudi nyuma."

Hili halisemwi kwa mdomo, lakini nimeliona machoni pa watu wengi chelezoni. Pesa za mkaguzi zimekwenda, za chelezo zimekwenda, likizo ya kazini imekwisha, na moyo unasema basi tumalizie. Muuzaji wa boti ya kijani alikataa kushusha hata pauni moja. Alisema vidonda vile viko kwenye kila boti. Kijana alitazama maua ya waridi mlangoni kwa muda mrefu, kisha akaandika barua ya kujitoa ndani ya siku zilizokuwa kwenye mkataba, na arubuni yake ikarudi yote. Gharama za ukaguzi hazikurudi. Miezi minne baadaye alinunua nyingine, ya rangi ya bluu iliyofifia, isiyo na maua yoyote, na namba za chaki ubavuni mwake hazikushuka chini ya 5.4.

Wewe unayekwenda kuiona boti yako ya kwanza wikendi hii: vaa nguo za kuchafuka, chukua tochi na rula, na kabla hujatoa arubuni soma mkataba hadi uione ile sentensi ya ukaguzi kwa macho yako mwenyewe. Kama haimo, iombe iandikwe. Wakikataa, rudi nyumbani na pesa zako.